Somo la Nne la Boti

Mwalimu wangu wa boti alisema masomo sita. Mimi nikasema mawili. Tukakubaliana matatu, na nikarudi nyumbani Kitengela nikijisifu njia nzima, kwa sababu mtu akianza na sita ukamshusha hadi matatu, umemshinda nusu nzima. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kuna vitu ambavyo ukivipunguza nusu, hiyo nusu uliyoiacha ndiyo inayokuja kukudai. Na ilipokuja kudai, haikunidai mimi.

Kazi yangu ilikuwa nyasi. Nilinunua marobota ya nyasi kavu wakati nyasi hazina mwenyewe, nikayapanga kwenye stoo yangu kando ya barabara ya Namanga, halafu nikangoja jua liwake. Kiangazi kikishika, wafugaji wa Isinya na Bisil walikuja wenyewe, na hapo ndipo tulipojuana. Nadhani ni biashara chache sana ambazo mwenye nazo huenda kanisani akafumba macho na kuomba mvua isinyeshe. Niliomba hivyo miaka kadhaa na nikajibiwa. Kisha, miaka ya tisini ikielekea kwisha, Mungu akachoka na mimi. Ilinyesha mvua ambayo watoto waliozaliwa wakati huo walidhani ndiyo hali ya kawaida ya dunia. Nyasi zilimea mpaka mlangoni pa stoo. Ng'ombe walipita wakiangalia marobota yangu kama mtu aliyeshiba anavyoangalia ugali wa jana.

Mvua hiyo hiyo ilijaza silanga moja kubwa lililo mbele ya Isinya. Silanga ni bwawa la kuchimbwa, la kunyweshea mifugo. Hili lilichimbwa zamani na wenye ranchi, na kwa kawaida lilikuwa tope lenye kwato. Sasa likawa ziwa. Lilimeza fensi, likameza njia ya maramu, na watu waliokuwa na maploti ng'ambo wakawa wanazunguka nusu ya asubuhi kufika dukani. Nilisimama ukingoni na gambuti zangu, nikawahesabu waliokuwa wakizunguka. Nikawahesabu tena waliporudi. Jioni hiyo nilikuwa nimeamua: ninatafuta boti.

Niliipata kwa hoteli moja ya maziwa ya Bonde la Ufa iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Boti ya faiba, rangi imechakaa, injini ya nguvu za farasi kumi na tano nyuma yake, na jaketi nane za kuelea. Nilizihesabu mara mbili. Ya nane ilikuwa imeraruka, nikadai nyingine na nikapewa. Naiweka hapa habari ya jaketi ili msomaji asidhani nilikuwa mtu asiyejali. Nilijali. Nilijali vile vitu vinavyohesabika.

Ilifika Kitengela juu ya lori langu la nyasi, imefungwa kwa kamba za marobota, na wasukuma mikokoteni pale stendi wakaacha mizigo yao.

"Mama Nyasi! Bahari imefika Isinya?"

"Imefika. Wewe umebaki huko huko na mkokoteni wako."

"Sasa hiyo inakula nini?"

"Inakula petroli."

"Bora punda!"

Walicheka, na mimi nikacheka, lakini usiku nilijiuliza ni nani hasa atakayeiendesha. Maisha yangu yote nilikuwa nimeendesha punda wawili na mume mmoja, na mume alikuwa ameshaenda zake.

Watu wa soko la mifugo la Bisil ndio walionielekeza kwa mwalimu wangu. Alikuwa Mmaasai wa makamo, mrefu, mkavu, aliyekuwa ameendesha boti za wageni kwenye hoteli ya ziwani miaka kumi na minane. Wenzake walimtania, wakimwita samaki. Alikuwa amerudi kwao na kiinua mgongo chake chote ameshakigeuza ng'ombe. Nilimkuta akiwatazama ng'ombe wa watu wengine sokoni kwa ile dharau ya mtu mwenye ng'ombe wake nyumbani. Thelathini na mmoja, aliniambia kabla sijamuuliza.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikaitikia.

Nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza hadi mwisho, akatema mate pembeni.

"Masomo sita."

"Mzee, mimi sitaki kwenda Ulaya. Nataka tu kuvuka silanga. Mawili yanatosha."

"Sita. La kwanza, kupanda na kupakia. La pili, kwenda mbele. La tatu, kukata kona. La nne, kusimama. La tano, mtu akiwa ndani ya maji. La sita, upepo."

"Na unataka nini kwa kila somo?"

Hapo alifikiri. Pesa hakuitaka, alisema pesa inamfanya aende kuimalizia Bisil mjini. Nyasi nazo, wakati ule, alikuwa amezikanyaga tangu mlangoni mwake. Lakini mfugaji haangalii mvua iliyopo.

"Marobota matano kila somo. Si sasa. Kiangazi kikija."

Sasa mimi najua robota la kiangazi ni nini. Masomo sita ni marobota thelathini, na marobota thelathini mwezi ambao hata mbuzi wanakula karatasi ni mali ya kukutoa jasho. Nikaanza kazi yangu.

"Mzee, hebu tuangalie vizuri. Kupanda, kwenda, kukata kona, hayo nayataka. La nne, la tano na la sita yote ni ya mambo yakiharibika. Mimi sina mpango wa kuharibu."

Akaniangalia. "Hata maji haina mpango."

"Matatu."

"Kusimama si kuharibika, yeyo. Kusimama ni kila siku." Yeyo ni mama, kwa Kimaasai.

"Kusimama nitajifunza kwa kuona. Nitakuwa nakuangalia wewe."

Alicheka, akanipa mkono. Hata leo sijui kama alikubali kwa sababu nilimshinda au kwa sababu jua lilikuwa kali na mimi sikuonyesha dalili ya kuondoka.

Masomo yenyewe yalikuwa mazuri, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa mwalimu. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kugusa injini. Alinifanya nipande na kushuka mpaka boti ikaacha kuyumba, kisha akanionyesha kupakia: mzito katikati, mzigo chini, hakuna mtu kusimama hata kama ameona mama yake mzazi ukingoni. Akanifunga kwenye kifundo cha mkono kamba nyekundu iliyoviringika kama ya simu. Ncha ya pili iliingia kwenye injini.

"Hii ikitoka, injini inakufa. Ukianguka ndani ya maji, inachomoka yenyewe. Usiwahi kutoa mkononi."

Sikuwahi kuitoa. Hilo nalo naliandika.

Siku ya pili alinipa mkono wa injini. Ukiusukuma kulia, boti inaenda kushoto. Ukiuvuta kushoto, inaenda kulia. Kwa mtu wa punda hayo ni matusi. Nilikwenda kama mlevi hadi katikati ya silanga, yeye akiwa amekaa ubavuni mwangu akiimba kitu kwa Kimaasai, na nina hakika wimbo ulinihusu.

"Sukuma. Sukuma kidogo. Vuta. Yeyo, si hivyo, hiyo ni kung'oa muhogo! Vuta pole pole."

Siku ya tatu tulizunguka posti za ile fensi iliyomezwa. Vichwa vyake vilichungulia juu ya maji kama watu waliochelewa ibada. Alinieleza jambo moja mara nyingi siku hiyo.

"Gari inageuka na pua. Boti inageuka na mkia. Ukipeleka pua huku, mkia unaenda kule. Angalia mkia wako kila saa."

Nikasema nimeelewa. Tulipofika ukingoni, kama siku zote, alinyoosha mkono wake mwenyewe, akazima injini mapema kabisa, na boti ikateleza peke yake ikagusa majani bila sauti. Nilitazama. Ilionekana rahisi sana, na nikafurahi kwamba sikulipia somo zima kwa jambo la kubonyeza kitufe.

Abiria walianza wiki iliyofuata. Alikuja siku hiyo ya kwanza ingawa hayakuwa mapatano. Alisema anataka kuona. Alikunja shuka lake, akaingia majini mpaka magotini kwenye ukingo wa upande wa dukani, tayari kuishika pua ya boti nikifika. Nilikwenda ng'ambo peke yangu, nikapakia watu. Kulikuwa na mama wawili na sukuma wiki, mzee wa kanisa aliyekataa kuachana na baiskeli yake, na vijana wa shule. Jaketi nane, mimi moja. Nilihesabu abiria kabla ya kuondoka: saba. Sawa kabisa.

Tukaja. Boti ilikuwa nzito, na kitu kizito majini hakikuambii kwamba kinakwenda kasi. Tulipokaribia ukingo ilinijia shaka ndogo, ile ya kawaida yangu, kwamba labda mtoto mmoja aliingia nyuma ya baiskeli sikumwona. Nikaanza kuhesabu mara ya pili. Mmoja, wawili, watatu. Nilipoinua macho, mwalimu wangu alikuwa karibu kuliko nilivyodhani, mikono juu.

"Kata!" alipiga kelele. "Kata! Kata!"

Lazima nieleze hapa, maana ndiyo kesi nzima. Mtu wa boti akisema kata, anasema kata moto, zima injini. Lakini mimi nilikuwa mtu wa lori la nyasi. Miaka nane nilisimama nyuma ya lori likirudi nyuma kuingia stoo, nikimpigia dereva kelele: kata, kata, kata yote, sasa nyoosha. Kata, kwetu, ni zungusha usukani. Katika masomo yote matatu hakuwahi kulitumia neno hilo peke yake. Kugeuza, alisema sukuma na vuta. Kusimamisha, alisimamisha mwenyewe. Neno lenyewe lilikuwa kwenye somo la nne.

Basi nikakata. Nikakata yote. Nilisukuma ule mkono hadi mwisho, na pua ikampita vizuri kabisa, na nakumbuka kwamba kwa muda wa pumzi moja nilijisikia dereva. Kisha mkia ukaja, na propela chini yake.

Hakupiga kelele. Injini ndiyo iliyobadilisha sauti, ikakohoa na kuzima. Yeye alikaa tu chini majini, kama mtu aliyechoka kusimama, na maji ya silanga, ambayo yalikuwa ya kahawia, yakawa na rangi nyingine.

Kamba nyekundu ilikuwa mkononi mwangu wakati wote. Ningerusha tu mkono, hivi, kama mtu anayefukuza nzi.

Mama wa sukuma wiki ndio waliofanya kazi. Mmoja alivua leso yake akaufunga mguu juu ya jeraha, akakaza kwa kijiti; mwingine akamshika kichwa. Mzee wa kanisa aliomba. Tulimpeleka Kajiado kwa lori langu, amelazwa juu ya nyasi, na njiani alifungua macho mara moja akaniuliza kama boti imefungwa, maana upepo wa saa nane ungeichukua. Hospitalini walimhudumia vizuri, na mguu uliokolewa. Lakini mishipa ilikuwa imekatika chini ya goti, na ule unyayo wa kushoto haukumtii tena. Ukaburutika. Daktari alisema atatembea. Hakusema atatembea hadi wapi.

Nilikwenda kumwona nimejiandaa. Nilijua familia itakuja, nilijua watataka ng'ombe wa fidia, na usiku uliotangulia nilikuwa nimeshapanga wakisema watano nitasema nini. Najisikia vibaya kuliandika hilo, lakini ndivyo kichwa changu kilivyo. Hata kwenye msiba huanza na bei ya chini. Mkewe alikuwa ameketi kando ya kitanda, na ndugu zake wawili wamesimama. Tukasalimiana. Nikafungua mdomo, na yeye akanitangulia kutoka kwenye mto.

"Mimi nataka kitu moja. Amalize masomo yake."

Ndugu zake wakamtazama kama mtu mwenye homa.

"Amalize," akarudia. "Huyu atabeba watu tena, mimi namjua. La nne, la tano, la sita. Nitafundisha nikiwa nimekaa."

Nikasema, "Nitakuja, mzee."

Sikwenda. Mwezi huo nilisema barabara imeharibika, na ilikuwa imeharibika. Uliofuata nilisema bado mguu unamuuma. Boti niliiuza kwa shamba moja la maua, pamoja na jaketi nane, zikiwa zimekaushwa na kukunjwa. Mvua ikaisha. Silanga likarudi chini ya fensi yake. Nikarudi kwenye nyasi zangu na maombi yangu ya zamani.

Na maombi yakajibiwa. Kilikuja kiangazi cha kutisha. Ng'ombe walilala kando ya barabara kutoka Isinya hadi Namanga na hawakuamka. Stoo yangu ilikuwa imejaa hadi kwenye mabati. Nilitoa marobota ya mwalimu wangu kwanza, kabla ya mteja yeyote, maana mimi si mwizi. Masomo matatu, matano kwa kila somo. Kumi na tano. Niliyahesabu mimi mwenyewe yakipakiwa, nikayahesabu tena juu ya lori. Nikampa dereva apeleke, mimi sikupanda.

Zimepita hesabu nyingi mikononi mwangu, za kweli na za kupindisha kidogo, na hakuna ninayoijutia kama hiyo iliyokuwa sawa kabisa.

Dereva alirudi jioni.

"Amesema ashe, anashukuru. Ameuliza kama wewe ni mzima."

"Na ng'ombe?"

Dereva alifungua boneti ya lori akaanza kuangalia maji, na injini haikuwa na shida yoyote.

Habari nyingine nilizipata kidogo kidogo, sokoni. Wenzake walihama na mifugo kufuata majani, siku nyingi za kutembea, na mwenye unyayo wa kuburuta hawezi kutembea siku hizo. Ng'ombe wake walikwenda na mifugo ya watu. Mchungaji anayechunga ng'ombe wake na wa jirani, ikifika mahali pa kuchagua ni yupi ainuliwe na yupi aachwe, huhitaji kuambiwa atachagua vipi.

Ilipita miaka. Simu za mkononi zilifika mpaka kwa wachungaji, na mimi nikaanza kupata mvi. Siku moja nilikuwa Bisil kwa shughuli zangu, nikaona kibanda chenye nyaya nyingi ambapo watu walikuwa wakichajisha simu, na mwanamke mlangoni akaniangalia kwa muda mrefu. Alikuwa mke wa mwalimu wangu.

"Takwenya," nikasema.

"Iko. Umechelewa, dada."

Mwalimu alikuwa ndani, kwenye benchi, mguu umenyooshwa mbele, simu za watu zimepangwa pande zake zote kama vifaranga. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakushangaa.

"Mama Nyasi. Umekuja ya somo?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, miaka mingi, na yote yalikuwa marefu. Nikasema, "Nimekuja."

"Kaa hapo. Angalia mbele."

Akanipa fimbo yake niishike nyuma yangu kama mkono wa injini. Akachukua waya wa chaja iliyokufa, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wangu, ncha nyingine akaibana kwenye ufa wa benchi. Waliokuja kuchukua simu wakasimama mlangoni kutazama mwanamke mzima akiendesha benchi.

"Boti haina breki," akasema. "Breki ni maji. Unazima mapema, ukiwa mbali mpaka uone aibu, halafu maji inakusimamisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ukingo ndio ule, mlango. Unakuja. Unakuja. Unakuja..." Na ghafla, kwa sauti ile ile ya siku ile: "Kata!"

Mkono wangu ulisukuma fimbo hadi mwisho.

Watu mlangoni hawakujua kwa nini alicheka namna ile, mpaka akajifuta macho kwa shuka, wala kwa nini mimi sikucheka. Miaka yote hiyo, na mkono ulikuwa bado kwenye lori la nyasi.

"Bado," akasema. "Unaona? Kulikuwa na vijana wa shamba la maua, wale walinunua boti yako. Waliletwa hapa niwafundishe. Hao niliwaambia zima. Kata nimeacha kabisa. Lakini wewe nilitaka nione."

"Rudia," nikasema.

Tulirudia. Mara ya nne, au ya tano, mkono ulirushwa wenyewe, waya ukachomoka kwenye benchi, na akasema sawa. Nikauliza kuhusu la tano, la mtu akiwa ndani ya maji. Akatingisha kichwa. Hilo halifundishwi kwenye benchi, alisema, na yeye majini haingii tena.

Nikasimama. Sikujua kuondoka, nikafanya ninachokijua.

"Hilo la nne ni matano. Lakini nitaleta thelathini, mzee. Wiki hii. Nitakuja nayo mwenyewe."

"Ya nini?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kisha akageuka kumpa mteja simu yake. Mkewe ndiye aliyenyoosha kidole nje, nyuma ya kibanda, kwenye kivuli cha tangi la maji, ambapo kulikuwa na mbuzi wamefungwa, ndiyo mifugo iliyobaki.

Niliwahesabu. Watatu. Nikawahesabu tena.